Bibi Hakurudia Ufuta

Dar es Salaam,
2 Februari 2026

Mpwa wangu Kidawa,

Assalamu alaikum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika: marahaba, mwanangu. Huku sote wazima, ila joto la mwezi huu limetuhamishia kulala sebuleni. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama bado unayasukuma maharage pembeni ya sahani. Juzi niliongea na mama yako kwa simu, anasema ameanza kusafisha shamba la ufuta na presha haijamsumbua tangu mwaka uanze. Alhamdulillahi.

Sasa nikwambie kilichonikamatisha kalamu, maana najua shuleni kwenu simu ni marufuku. Bwana Rehani, yule mtengeneza filamu niliyekutajia, amekubali. Tutatengeneza filamu ya maafa, ya kwetu wenyewe, tuachane na yale maghorofa ya ughaibuni yanayoanguka kila siku. Wanachuo wanane na mwalimu wao wanakwenda kijijini kupima mto. Mwalimu anasoma vipimo, anagundua mafuriko yanakuja, anawaonya wanakijiji, hawamsikii. Jina la muda ni Maji ya Saa Tisa. Skripti nimeiandika mimi. Tutapiga picha hapo kwetu Miteja mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekatika. Maji tutayaleta kwa pampu.

Nina maombi mawili. Kwanza, soma kurasa hizi kumi na mbili, unisahihishie maneno ya wanakijiji wasisikike kama watu wa Kariakoo. Wewe una sikio. Pili, kuna mjukuu mle ndani, msichana mkimya. Nilipokuwa naandika nilikuwa nakuona wewe. Ungemwigiza?

Kuna na bibi mmoja. Usishtuke, ni wa kubuni.

Mjomba wako,
Hussen


Lindi,
27 Februari 2026

Mjomba,

Wa alaikum salaam. Shikamoo. Najua umeshaitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo mkono unagoma. Mimi mzima na mfungo unakwenda vizuri. Mwambie mkeo maharage sasa nayala, na futari nayo ni maharage, sina pa kukimbilia. Lightness, rafiki yangu wa kitanda cha juu, anakusalimu ingawa hakujui. Barua zetu matroni huzifungua kabla hazijatoka, kwa hiyo naandika kwa adabu. (Shikamoo, matroni.)

Skripti nimeisoma. Kwanza nikwambie, mimi na Lightness ni wataalamu. Jumamosi tukimaliza usafi huwa tunawekewa filamu bwaloni, na mwalimu wa zamu anapenda za maafa kwa sababu hazina mabusu mengi. Tumeona za mafuriko, za matetemeko, za barafu, mpaka tunajua nani atakufa kabla hajafungua mdomo. Profesa lazima awe ameachwa na mkewe na nywele hajachana. Anajaza hesabu ubaoni, mkuu wa chuo anamcheka, dakika kumi baadaye mkuu wa chuo anabebwa na wimbi. Wanachuo huwa watano: mwenye miwani anayejua kila kitu, mrembo anayeteguka kifundo, mcheza mpira anayejitoa mhanga mwishoni, na wawili wanaogombana mpaka maji yanawafika kiunoni. Mbwa anapona kila mara. Na kuna mpishi wa kantini. Mpishi hana jina, anakufa mapema, na kosa lake ni kurudi kuchukua kitu. Lightness akimwona tu mpishi anapiga kelele bwalo zima, "Huyo marehemu!" Ameshatolewa nje mara tatu.

Kuhusu maneno ya wanakijiji. Ukurasa wa tatu, mwenyekiti wa kijiji anamwambia mgeni "nyinyi wasomi mna kiburi." Mwenyekiti wa Miteja hawezi kusema hivyo mbele ya watu. Angesema, "Karibuni sana, tumesikia," halafu asifanye. Ukurasa wa tano, watu wanapiga mayowe "tunakufa, tunakufa!" Siku ile ya mafuriko yetu hakuna aliyesema hivyo. Watu walikuwa wanaitana majina.

Ukurasa wa tisa. Bibi amekwishafika kwenye mwinuko salama, profesa anambembeleza abaki, yeye anamsukuma na kurudi kwenye maji kwa ajili ya mbuzi wake. Mjomba, sisi hatujawahi kufuga mbuzi. Nimeusoma ukurasa huo mara nne na sikujua niandike nini pembeni. Nimeacha wazi.

Kuigiza, hapana. Unajua mimi kuongea ni shida. Huku tunatakiwa Kiingereza kuanzia asubuhi, na kuna monita anayeandika majina ya wanaoteleza kwenye Kiswahili. Jina langu halijaandikwa hata siku moja, watu wanadhani ni kwa sababu Kiingereza changu kizuri. Ni kwa sababu sisemi. Nimeiandika hapana hii kwa peni ili nisije nikaifuta.

Wasalimie wote.
Kidawa


Dar es Salaam,
30 Machi 2026

Mwanangu Kidawa,

Marahaba. Idd ilikuwa njema, tulikukumbuka kwenye pilau. Barua yako imechukua mwezi mzima kunifikia, ikaja na kona moja imelowa. Mke wangu amecheka sana kuhusu huyo mpishi wa kantini, nami nimecheka, kisha nikaisoma tena sikucheka.

Marekebisho yako ya mwenyekiti nimeyaingiza. Rehani ameyapenda.

Sasa ukurasa wa tisa. Mbuzi ni kwa ajili ya kamera. Debe la mbegu za ufuta mtazamaji hataliona. Mbuzi ataonekana, na atalia. Maana ni ileile, na maana hiyo sikuitunga mimi. Wewe mwenyewe, mwanangu, ulisema msibani, mbele ya akina mama wote, kwamba Bibi alirudia mbegu. Mimi nilikuwa nje na wanaume, nikasikia kama walivyosikia wengine. Filamu ya namna hii inahitaji mtu mmoja mkaidi, ili wanaotazama wajifunze. Hata hivyo nimekwambia ni wa kubuni, na jina nimembadilisha.

Nilimpigia Evaristo, yule mwanachuo wangu, naye aisome, kwa kuwa siku ile alikuwepo. Simu inaita, hapokei. Vijana wa siku hizi.

Mwenyekiti amekwishakubali, na akina mama zaidi ya ishirini wamejiandikisha kuigiza watu wanaochukuliwa na maji. Wana furaha kweli. Kwa hiyo usilichimbue jambo lililokaa vizuri. Mkumbuke mama yako na presha yake. Soma vitabu vyako.

Mjomba wako,
Hussen


Miteja,
11 Aprili 2026

Mjomba,

Shikamoo. Nipo nyumbani kwa likizo fupi, kwa hiyo barua hii haipiti kwa matroni. Nitampa kondakta wa basi la Dar pale Somanga. Mama hajambo, presha imetulia, ufuta umeota vizuri ila nyani wanatuonea. Ningeweza kukupigia kwa simu yake. Lakini kwenye simu ukikohoa tu mimi nasema "ndiyo, Mjomba." Kwenye karatasi huwezi kukohoa.

Jana nilitumwa dukani. Kuna mtoto wa miaka sita hivi alikuwa amekumbatia chupa iliyopasuka mdomo, hataki kuiachia. Mama yake akamwambia, "Tupa! Utakufa na kitu chako kama Bibi Ufuta." Hakujua niko nyuma yake. Bibi Ufuta, Mjomba. Ndilo jina la mama yako siku hizi hapa Miteja, na mimi ndiye niliyempa.

Naandika ilivyokuwa masika ile ya mwaka juzi. Haikuwa saa tisa. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

Wanachuo wako walikuwa wanalala shule ya msingi wiki nzima. Wewe ulisema kwenye ramani shule iko juu, watulie. Bibi hakubishana na ramani. Alikuja na kamba ya minazi, akawaambia washike wote, akawapitisha juu ya tuta la shamba la mpunga kuelekea mlimani kwenye mikorosho. Nawe ulishika. Mimi nilikuwa wa mwisho. Wasomi tisa wanamfuata mtu asiyejua kusoma, maji magotini, na hakuna aliyemkaidi mwenzake. Hicho ungeweza kukiweka kwenye filamu.

Tulipofika kwenye mikorosho ukajigusa begani, ukaona boksi la vipimo halipo. Ukasema, "Evaristo, boksi! Kimbia, maji bado madogo." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Evaristo akakimbia.

Bibi alikuwa hahesabu watu, unajua, alifundishwa kwamba watu hawahesabiwi kama maembe. Alikuwa anawataja kwa nguo zao. Akaanza: wa fulana ya njano yupo, wa kofia yupo, mrefu yupo. Kisha akasema, "Yule wangu wa soksi nyekundu yuko wapi?" Wewe ukaangalia chini. Akaniuliza mimi. Hata hapo sikusema, Mjomba, nilinyoosha kidole tu. Akaifunga kanga yake vizuri, akashuka. Hakuna profesa aliyembembeleza abaki.

Kesho yake mtumbwi ulimshusha Evaristo akiwa hai kutoka juu ya dungu letu, kile kichanja cha miti tunachokaa kufukuza ndege na nyani. Miguu miwili ya dungu ilikuwa imeliwa na mchwa. Lilibeba mtu mmoja, basi, na Bibi alilijua kwa kuwa alilijenga mwenyewe. Evaristo alinishika mkono akaniambia yote, kwa Kiingereza, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya kutetemeka. Wenye mtumbwi hawakuelewa. Alisema Bibi alimsukuma juu, akamwambia, "Kaa hapo, mjukuu, mimi nashika nguzo." Alipotazama tena nguzo haikuwa na mtu. Baadaye wazazi wake wakaja kumchukua.

Kisha msiba. Kwetu aliyekuwa wa mwisho na marehemu ndiye anayeulizwa, basi nikakalishwa katikati ya akina mama. Mama Apolonia, jirani yetu, akaniuliza kwa upole, "Alirudia nini, mwanangu?" Mlango ulikuwa wazi. Wewe huko nje uliinua uso ukaniangalia. Hukunituma, najua. Nilijituma. Nikasema, mbegu za ufuta. Wakaguna, "Aa, wazee na mbegu zao." Nawe ukashusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilifurahi, Mjomba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi, nikajiona mtoto mwenye heshima.

Mwaka jana nilikiandika kisa hiki kwenye insha ya Kiingereza, cha kweli chote. Nilipata alama ya juu darasani, mwalimu akanisifu kwa ubunifu. Kwa Kiingereza ilikuwa rahisi, mle ndani Bibi hakuwa Bibi.

Sasa basi. Skripti yako sitaisahihisha tena hata nukta. Kwenye hizo filamu zote mpishi wa kantini hana mtu wa kumsemea kwa sababu hakuna anayemjua kwao. Bibi ana kwao, na kwao ni hapa. Mama amepanga hitma yake tarehe 20 Juni ili nami niwepo. Siku hiyo uongo wangu nitausema kuwa ni uongo. Nitausema kwa Kiswahili. Wako ni wako.

Usiniambie nimekuwa mkaidi. Neno hilo nimelichoka.

Kidawa


Dar es Salaam,
6 Juni 2026

Kidawa,

Assalamu alaikum. Natumaini Idd el-Haj ilikupita salama na barua hii imekukuta nyumbani. Mke wangu mzima. Mvua huku zimekatika, barabara ya mtaani kwetu imebaki mashimo matupu.

Ni wiki nane sijakujibu. Nilianza mara nyingi. Chuoni ni kipindi cha kusahihisha mitihani, lakini hiyo siyo sababu.

Nilimwandikia Evaristo ujumbe. Alijibu neno moja: "Hatimaye." Nimekaa nalo.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine, ndogo, nimeifunga kwa gundi. Nimeandika yote mle, bila kupunguza. Nakuomba siku ya hitma, baada ya dua, uwasomee watu kwa niaba yangu. Wewe una kisomo kizuri na watu wanakupenda. Ikitoka kwako itaeleweka vizuri zaidi. Mimi tarehe hiyo nina kikao cha chuo kisichoahirishika. Nitafika Jumamosi inayofuata, tarehe 27, pamoja na Rehani na watu wake wa kamera. Nikifika jambo litakuwa limeshapoa, tutaweza kufanya kazi.

Ukurasa wa tisa Rehani bado anautaka. Nitazungumza naye.

Nisaidie hili tu, mwanangu.

Mjomba


Miteja,
22 Juni 2026

Mjomba,

Shikamoo. Wa alaikum salaam. Tumevuna ufuta, tumeusimamisha mafungu ukauke, nyani wamekula kiasi chao wakatuachia chetu. Mama mzima wa mwili. Hayo mengine nakueleza.

Bahasha yako ndogo sijaifungua. Nimekaa nayo siku kumi chini ya godoro. Lightness angeifungua kwa mvuke wa chai siku ya kwanza. Mimi nilikuwa naitoa, naishika, naona ilivyo nzito, nairudisha.

Hitma ilisomwa juzi. Watu walikuja wengi mpaka tukaazima majamvi. Walipomaliza dua na pilau imeanza kuzunguka nikasimama kati ya akina mama. Sauti haikutoka. Nilifungua mdomo kama samaki. Mama Apolonia akawapigia makofi wenzake, "Nyamazeni bwana, mtoto ana neno!" Ndipo ikatoka, tena kubwa kuliko nilivyotaka, hata wanaume nje wakaacha sahani.

Nilisema, "Bibi hakurudia ufuta. Nilisema uongo mimi, siku ya msiba, hapahapa nilipokaa. Alirudia mtu. Alimkuta, akampandisha kwenye dungu, na dungu halikuwatosha wawili."

Mzee mmoja mlangoni akauliza, "Mtu gani?"

"Mwanachuo."

"Mwanachuo alikuwa ameshavuka na wenzake. Alirudi kufanya nini?"

"Alitumwa."

"Na nani?"

Hapo, Mjomba, watu wote waliniangalia, na bahasha ilikuwa kiunoni mwangu ndani ya kanga. Ningeweza kuitoa. Nikasema, "Hilo mimi si langu kulisema. Mwenye nalo anakuja Jumamosi. Mwulizeni."

Kwa hiyo sasa wanajua, maana anayekuja Jumamosi ni mmoja, na hawajui, maana hawajasikia kwako.

Mama hakusema nami siku nzima. Jana asubuhi tukiwa tunafagia akasema, "Ungeniambia mimi kwanza." Nikamwambia, "Ningekwambia wewe, Mama, ungenikataza." Akacheka kidogo, kisha akakaa chini na ufagio wake akalia. Alisema miaka miwili alikuwa na hasira na mama yake kwa kumwacha kwa sababu ya debe la mbegu. Mbele ya watu alikuwa anamtetea, na usiku akiwa peke yake alikuwa hamsamehe. Hilo nalo nililifanya mimi, na wewe ulikuwa unalijua.

Habari nyingine ambayo Rehani hataipenda: akina mama waliojiandikisha kuchukuliwa na maji wamejitoa. Wanasema hawafi mpaka wakusikie kwanza. Mama Apolonia anasema, "Mimi siku ile yenyewe sikufa, leo nife kwa pampu?" Nimemwambia nitakuandikia hivyohivyo.

Usinichukie. Au nichukie, si neno, utaanza na mimi kisha utachoka. Ukifika nitakupokea begi, nitakuamkia, nitakutengea maji ya kuoga kama siku zote. Wewe ni mjomba wangu na wanachuo wako ulikuja nao kwa nia njema, hilo pia nitalisema nikiulizwa. Lakini bahasha yako nimeiweka humu ndani, narudisha ilivyo, na gundi yake. Msibani nilikusemea bila kuombwa. Safari hii umeniomba, nami nakataa. Isome mwenyewe, kwa sauti yako, na ikikwama simama hivyohivyo mpaka itoke. Inatoka, nimejaribu.

Mwenyekiti ameitisha mkutano Jumamosi saa nane mchana. Safari hii hakusema "tumesikia." Ameandika kwenye ubao nje ya ofisi ya kijiji, ajenda ni moja, nayo ni jina lako. Nimepita pale mara mbili kuhakikisha wameliandika sawasawa.

Mpwa wako,
Kidawa